Bunduki Haijastaafu Huku Kwetu

Wacha niseme kitu ambacho najua kitanikosanisha na wasee wa PS. Hiyo M1 Garand mnaiota kila siku, mimi siitaki. Hata nikipewa bure, hata ikiwa safi kama imetoka kiwandani jana. Na msidhani ni uoga. Hii historia nimeisoma mpaka bando ikaisha. Ni vile tu nikiangalia hiyo chuma nikiwa hapa Gatina, naona kitu tofauti kabisa na kile mzee fulani wa Ohio anaona akiwa kwa sebule yake.

Kwanza tuelewane huu mchezo unachezwaje, kwa sababu kuna watu wanadhani mtu akikusanya bunduki basi anapanga vita. Hapana. Marekani kuna watu, wengi wao wazee, wanaokusanya bunduki za zamani za jeshi lao vile mwingine anakusanya stempu ama sarafu. Wanatafuta Springfield ya 1903, Garand iliyoingia jeshini 1936, ile carbine ndogo ya M1, bastola ya Colt ya 1911. Na hawabebi tu yoyote. Kwa lugha ya Gikomba, wanataka kamera. Mnajua vile belo ikifunguliwa, wale wa kwanza wanachagua kamera, wengine wanafuata, na mwisho inabaki fagia ya kurushwa chini. Hao wazee ndivyo wanafanya, na ni wakali kuliko mama yeyote wa Toi.

Kamera ya bunduki ni gani? Ni ile haijaguswa. Mbao ni ile ya kwanza, haijapigwa msasa, na muhuri wa mkaguzi wa jeshi bado unasomeka. Rangi ya chuma ni ile ya kiwandani, hata kama imefifia. Vipande vyake, kuanzia mtutu mpaka vile vidogo vya ndani, vinalingana na wakati bunduki yenyewe ilitengenezwa. Ukiichukua uisugue ing'ae, umeiharibu, bei inaanguka papo hapo. Hata ile ambayo jeshi lenyewe liliirudisha karakana likabadilisha vipande inashuka thamani. Kuna shirika linaitwa Civilian Marksmanship Program ambalo huwauzia raia Garand za zamani za jeshi zikiwa zimepangwa kwa gredi, kuanzia zile zimechoka mpaka zile za wakusanyaji.

Mfano wenye napenda zaidi ni wa Singer. Ndiyo, Singer ile ile. Ingia kwa fundi yeyote wa nguo hapa Kawangware uangalie ile cherehani nyeusi ya maandishi ya dhahabu. Hiyo kampuni, kabla Marekani haijaingia vita vya pili vya dunia, iliagizwa na jeshi itengeneze bastola 500 za M1911A1 kama jaribio, waone kama watu wa cherehani wanaweza. Wakatengeneza 500, namba S800001 mpaka S800500, halafu wakaacha bastola wakaenda kutengeneza vifaa vingine vya vita. Mwaka wa 2017 moja ya hizo iliuzwa kwa mnada zaidi ya dola 400,000. Kwa pesa ya leo hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 50. Bastola ya kampuni ya cherehani.

Watu wengi wakisikia hiyo stori wanashika bei. Mimi nilishika namba. Zaidi ya miaka 80 imepita, vita vya dunia vimepita hapo katikati, na bado kuna watu wanakaa chini kufuatilia ni namba gani imeonekana wapi na ilipitia kwa mkono wa nani. Wape namba ya Garand, wanakuambia imetoka kiwanda gani na karibu mwezi gani. Hiyo ndiyo sehemu ya huu mchezo naiheshimu kabisa, na tutairudia huko chini. Lakini kabla ya hapo lazima tuulize sisi tulijuana vipi na bunduki za Mmarekani, maana hazikuanza kuja kwa gemu.

Zilikuja na kitambaa. Nyanya yako akisema "merikani" anamaanisha kile kitambaa cha pamba kigumu, na jina limetoka hapo: wafanyabiashara wa Kimarekani, wengi kutoka mji wa Salem, walikuwa wanakileta Zanzibar kwa meli. Bunduki na baruti pia zilikuwa biashara. Tarehe 21 Septemba 1833, huko Muscat, Sultani Seyyid Said akaingia mkataba wa biashara na Marekani. Kifungu cha pili kinasema Wamarekani wako huru kuuza bidhaa zao, lakini bunduki, baruti na risasi, zikifika kisiwani Unguja, wauzie serikali peke yake. Kwa bandari zingine zote za Sultani? Wauzie yeyote mwenye bei ya juu.

Soma tena pole pole. Kwa nyumba yake, Sultani hakutaka bunduki zizagae. Kwa nyumba za wengine, soko huria. Tangu 1833 kulikuwa na mahali pa kulindwa na mahali pa kumwagiwa.

Songa mbele kidogo. 1871, Henry Morton Stanley anajipanga Zanzibar aende kumtafuta Livingstone. Kwa kitabu chake ameorodhesha silaha zake mwenyewe, na ndani kuna Winchester, Henry, Starr mbili na Jocelyn moja. Starr na Jocelyn ni bunduki ambazo askari wa farasi wa Marekani walitumia kwenye vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Hivyo vita viliisha 1865. Miaka sita baadaye, bunduki za aina hiyo ziko Bagamoyo zinaelekea bara. Hiyo ni mitumba, wasee. Mitumba ya vita. Vile leo unavaa tisheti ya timu ya Marekani iliyoandikwa "mabingwa" na ilipoteza fainali, ndivyo bunduki nazo zilitufikia.

Halafu kuna Theodore Roosevelt. Alitoka ikulu Machi 1909, na Aprili alikuwa ameshashuka Mombasa na mwanawe Kermit. Kati ya bunduki zake kulikuwa na Springfield ya jeshi la Marekani, imerekebishwa kitako na shabaha zimkae vizuri. Yeye na Kermit waliua wanyama 512 kwa hesabu yao wenyewe, akarudi, akaandika kitabu. Hakuna mtu alimuuliza anafanya nini Kenya na bunduki ya jeshi. Alipokelewa kama mfalme.

Miaka 47 baadaye, tarehe 21 Oktoba 1956, huko Nyeri, Dedan Kimathi akapigwa risasi na kukamatwa. Mnajua alishtakiwa nini? Wengi wanadhani ni uasi ama mauaji. Alishtakiwa kwa kupatikana na bastola ya .38 na risasi zake bila kibali. Bastola moja. Tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti.

Sisemi hivyo ndio tuanze kulia. Nasema kwa sababu kuna kitu hapo ambacho yule mzee wa Ohio hajawahi kulazimika kufikiria. Yeye anaweza kuzungumza kuhusu bunduki siku nzima bila kutaja aliyeishika: mbao, rangi, muhuri, mwaka. Kwa historia yetu huwezi. Swali la kwanza lilikuwa ni nani ameishika, na jibu likaamua kama ni safari ama ni kitanzi.

Na bunduki za watu wa Kimathi zilikuwaje? Nyingine waliziteka kwa polisi na jeshi, lakini nyingi walitengeneza kwa mkono. Paipu ya maji ndiyo mtutu. Komeo la mlango ndilo la kugonga risasi. Mpira wa tyubu, umekatwa vipande virefu, ndio springi. Wakati mwingine ilipasuka ikamuumiza mwenyewe. Kwa gredi za mkusanyaji hiyo hata fagia haifiki. Lakini ukitaka kuona chache, Imperial War Museum ya London inazo, zimetunzwa vizuri, kila moja na namba yake ya katalogi. Mtu akinipa nichague kati ya hiyo paipu na Garand mia, nachukua paipu mbio. Na sitataka ikae kwa keja yangu. Nitataka ikae mahali mtoto wa shule ya hapa anaweza kuiona bila visa.

Sasa, kuna watu watasema hayo ni mambo ya kitambo. Tuangalie majirani basi. Ethiopia ilipata silaha za Kimarekani kwa miaka mingi. Kikosi cha Kagnew kilipigana Korea kuanzia 1951 kikiwa na bunduki za Marekani, na msaada wa kijeshi ukaendelea mpaka Derg walipogeukia Wasovieti 1977. Miaka ya hivi karibuni, wafanyabiashara wa Marekani wamenunua carbine kuukuu kutoka Ethiopia wakazirudisha kwao na kuwauzia wakusanyaji. Mbao zimepasuka, chuma ina kutu, lakini wanunuzi wapo. Mitumba imerudi kwa mwenyewe.

Somalia stori ikaenda tofauti. Miaka ya themanini Marekani iliipa serikali ya Siad Barre silaha, M16 zikiwa ndani. Serikali ikaanguka 1991, maghala yakabaki wazi, na silaha za Somalia zikasambaa huku na huku, nyingine zikavuka mpaka kuja kwetu. Huko Marekani kwenyewe, sheria ya 1986 ilifunga raia kusajili bunduki mpya za rashasha, kwa hivyo M16 iliyosajiliwa kabla ya hapo leo ni bei ya gari zuri. Sasa weka hizo mbili pamoja. M16 mbili, pengine zimetoka kiwanda kimoja. Moja iko ndani ya sefu inapanguswa na kitambaa laini. Nyingine iko mahali huku kwetu, bado inafanya kazi iliyotengenezewa.

Hata hapa Kenya, kule kaskazini, kuna polisi wa akiba ambao wamelinda mifugo miaka nenda miaka rudi na "Mark 4", bunduki ya Mwingereza ya enzi za vita vya pili. Mmarekani akiiona ataiita ya kale. Mwenye ng'ombe anaiita bunduki.

Ndiyo maana nasema huku kwetu bunduki haijastaafu. Kitu huwa cha kale kikiacha kazi. Ile cherehani ya Singer ya fundi wetu inaweza kuwa na umri wa babu yako, lakini kwa sababu inashona yunifomu kila Januari, hakuna mtu anaiita ya makumbusho. Ni cherehani. Na chuma ya zamani inayoweza kutoa risasi leo usiku ni chuma tu. Mwaka wa kutengenezwa hauipunguzii kitu.

Tukuje mtaani sasa, kwa sababu hapa ndipo hii mambo inanikaa rohoni.

Bonoko. Wote tunajua bonoko ni nini, ni bunduki feki. Lilikuwa neno la mtaa, halafu likajulikana nchi nzima wakati kijana mmoja wa Nairobi alieleza mbele ya kamera za TV vile karao walimpiga mtu risasi kisha wakamwekea bonoko. Watu wakapenda vile alikuwa anaongea. Ikawekewa biti, ikachezwa kila mahali, tukaicheza hadi kwa mathree. Lakini hebu sikiza tena alichokuwa anasema. Alikuwa anasema mtu amekufa, na kipande cha chuma feki ndicho kimeandika historia yake. Kutoka hiyo siku, kwa rekodi, yeye ni jambazi.

Ndio naona wasee wangu wa kontenti mnanunua bunduki za plastiki za kushuti skiti za wakora. Mnakimbia nazo kwa barabara hapa Gatina saa moja jioni, kamera imejificha kwa kibanda. Buda, karao aliye ndani ya gari lisilo na alama haoni kamera. Anaona kijana, anaona jioni, anaona kitu cheusi kwa mkono. Hataomba asome muhuri kwenye mbao. Sheria yenyewe ya Silaha, Sura ya 114, inataka kibali kwa kila bunduki, na mtu akitumia hata ya kuigiza kufanya uhalifu ama kuzuia kukamatwa, inamshika. Lakini hiyo ni ukifika kortini. Mimi naongea kuhusu wale hawafiki. Shuti hiyo skiti ndani ya nyumba, mlango umefungwa, ama tumia ndizi. Nasema kwa uzito wote: tumia ndizi, watu watacheka hata zaidi.

Na msiniambie sheria ni moja kwa wote. Ng'ambo hapo tu ni Lavington. Kuna watu huko wana bastola za leseni, wamefuata utaratibu, na sina shida nao. Lakini fikiria kijana wa huku akipatikana na Colt ya 1911 yenye kutu, kitu babu yake aliachiwa na mzungu wa shamba. Aseme ati yeye ni mkusanyaji. Ati ameipenda kwa sababu mbao ni za kwanza. Nani kituoni atamsikiza mpaka mwisho? Kukusanya bunduki ni raha ya mtu ambaye akionekana na bunduki, watu wanamuuliza ni ya mwaka gani.

Najua kuna mtu ananiandikia sahi: "Wewe una wivu tu, mkusanyaji hajawahi kuibia mtu." Sawa. Wengi wao ni watu wapole, wanafuata sheria za kwao, na bila wao maarifa mengi yangepotea. Hilo nimeshalikubali. Mwingine atasema basi sisi tukusanye kwa makumbusho ya umma. Hapo pia tuko pamoja, chache, zikiwa zimezimwa kabisa zisiweze kufyatua. Ila bado tutakuwa tunaongea kuhusu chuma, na mimi nataka tuongee kuhusu daftari.

Tarehe 9 Juni 2021, Rais Uhuru Kenyatta alisimamia kuharibiwa kwa silaha haramu 5,144 huko Ngong. Mwaka wa 2016 zilichomwa zingine 5,250, hapo hapo Ngong. Mimi naunga mkono moto. Bunduki iliyochomwa haitamfuata mtu Gatina. Na Itifaki ya Nairobi ya 2004, ambayo imepewa jina la mji wetu, inataka nchi za huku ziharibu silaha haramu zinazonaswa. Lakini itifaki hiyo hiyo inataka pia silaha ziwekwe alama na kumbukumbu zitunzwe ndio zifuatiliwe. Ile sehemu ya moto tumeiona kwa TV. Ile ya kumbukumbu haina moshi, kwa hivyo hakuna kamera inaenda. Bastola 500 za Singer zina watu wanaozifuata moja moja. Zile 5,144 zilikuwa na safari pia: zilitengenezwa wapi, nani alizileta, zilipita wapi, zilimfanyia nani nini. Mimi na wewe tulibaki na picha ya ndimi za moto.

Na hiyo ni kwa zile haramu. Zile halali je? Kwa kituo cha polisi kuna daftari ambalo afisa hutia sahihi akichukua bunduki na akiirudisha. Namba ya bunduki, idadi ya risasi, saa. Kwangu mimi hiyo ndiyo katalogi muhimu zaidi ya bunduki nchini Kenya. Mtu akiuawa na polisi, IPOA, ile mamlaka ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ikichunguza inahitaji hilo daftari na inahitaji bunduki yenyewe. Mtaalamu anaweza kulinganisha mikwaruzo kwenye risasi ama kwenye ganda lake na bunduki iliyoifyatua. Ni kazi ile ile mzee wa Ohio anafanya na kioo chake cha kukuzia: kusoma alama ndogo ndio ujue chuma imetoka wapi. Tofauti ni kwamba yeye anatafuta bei, na huku kuna mama anatafuta jina.

Hapo ndipo huu mchezo wao unaweza kutufundisha kitu. Kumbukeni sheria yao kubwa: usiguse, usisugue, iache vile ilivyo. Kuna wasee mtaani wakipata ganda la risasi baada ya vurugu wanaliokota, wanalipeleka keja, wanaliweka juu ya TV kama kumbukumbu. Wacheni. Ukiliokota umelisugua. Umeharibu kamera. Kama uko salama, na hapo ni muhimu, kama uko salama, lipige picha likiwa pale pale lilipoanguka, weka sarafu kando ionyeshe ukubwa, piga nyingine kutoka mbali ionyeshe jengo ama mti ulio karibu. Andika saa. Andika namba ya gari. Usiweke sura ya shahidi mtandaoni. Peleka kwa IPOA, ama kwa mashirika kama IMLU na Missing Voices ambayo yanafuatilia haya mauaji. Na klipu yenyewe usiikate, usiiwekee muziki, usiiwekee maandishi. Ukitaka kutengeneza ya kuposti, tengeneza kopi. Ile ya kwanza ibaki vile ilitoka kwa simu.

Kama unadhani hiyo ni kazi bure, kumbuka tarehe 25 Juni 2024 pale Bungeni. Sisi wote tulikuwa na simu juu. Mwaka uliofuata BBC Africa Eye wakatoa filamu, Blood Parliament, baada ya kuchambua picha na video zaidi ya 5,000, nyingi zilizopigwa na watu wa kawaida. Wakapanga sekunde kwa sekunde, pembe kwa pembe, mpaka wakatambua maafisa waliofyatua risasi. Hakuna mtu hapo alikuwa na glavu nyeupe. Walikuwa ni vijana wa nyonga wazi na bando za bob ishirini. Lakini walikuwa wamekusanya, na walichokusanya kilikuwa bado katika hali yake ya kwanza.

Na msiniambie Mkenya hajui kukusanya. Joseph Murumbi, makamu wa rais wa pili wa hii nchi, alikusanya maisha yake yote: vitabu, stempu, sanaa ya Afrika nzima. Mkusanyo wake mwingi uko Kenya National Archives, lile jengo la Moi Avenue ambalo sisi wote husema "tukutane Archives" na hatujawahi kuingia ndani. Ingieni siku moja. Muone vile kitu kidogo kikitunzwa na kuandikiwa kilikotoka, kinaongea hata mwenyewe akiwa ameenda.

Kwa hivyo mkiniuliza kama ninataka Garand, jibu ni hapana, ikae tu Ohio, huko ilishapumzika. Mimi nataka tukusanye kumbukumbu za bunduki ambazo bado hazijapumzika, zile za huku. Anza na kitu rahisi leo. Kama bado uko na klipu za Juni 2024 kwa simu, ama za usiku wowote ule mtaani, usizifute eti nafasi imejaa. Futa gemu. Hizo klipu weka mahali pawili, andika tarehe, andika mahali, na umwambie mtu mmoja unayemwamini ziko wapi.